Unyumbufu wa Mwili na Ruhusa Yake

Kiswahili kina methali mbili mashuhuri juu ya kukunjika, na zote mbili humsifu mwenye kukunjika. Ya kwanza yasema samaki mkunje angali mbichi. Ya pili yasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ya kwanza hutajwa na mlezi akiutetea ukali wake, na ya pili hutajwa na mhitaji akiutetea unyenyekevu wake. Hapana kati ya hizo iliyotaja kikomo. Hakuna isemayo samaki akunjwe mpaka wapi, wala mtu ainame mpaka kiungo gani kimteguke ndipo akiache cha mvunguni kilale pale kilipo. Yamkini wahenga hawakuona haja ya kusema, kwa kuwa walidhani kila mtu aujua mwisho wa mgongo wake mwenyewe. Lakini ziko kazi za wanadamu ambazo mwisho huo ndio hasa unaotafutwa, na katika kazi hizo swali la kikomo huacha kuwa swali la mifupa, likawa swali la maadili: mwili ukisema basi, ni nani aliye na haki ya kusema bado?

Mfano ulio wazi wa swali hili umo katika yoga, elimu ya kale ya Bara Hindi, na hasa katika mkao mmoja ulio mgumu kati ya mikao yake. Atakaye kuufanya hupiga magoti, akatanguliza mguu mmoja mbele na kuupeleka mwingine nyuma, akaishusha nyonga kidogo kidogo hata miguu yote miwili ilale chini imenyooka kama mstari mmoja. Kisha huinua kiwiliwili wima na kuunganisha viganja mbele ya kifua. Vijana wa sarakasi huita jambo hilo kupiga msamba. Wahindi huuita mkao huu Hanumanasana, yaani mkao wa Hanuman.

Jina hilo lina kisa chake, na kisa hicho si cha kuachwa njiani. Katika Ramayana, utenzi mkubwa wa Valmiki, Sita mke wa Rama ametekwa na Ravana na kupelekwa Lanka, ng'ambo ya bahari. Jeshi la nyani limefika ufukoni likakata tamaa, kwa kuwa maji yaliyo mbele yao ni mapana kiasi cha yojana 100. Hanuman amekaa kimya kando. Anazo nguvu za kuruka lakini amezisahau, maana utotoni alikuwa mtundu akawasumbua watawa, nao wakamwapiza asizikumbuke nguvu zake mpaka akumbushwe. Mzee Jambavan ndiye amkumbushaye. Hanuman akikumbuka, mwili wake hukua, akapanda mlima Mahendra, akaruka bahari hatua moja na pete ya Rama mkononi ili Sita aamini kwamba mjumbe ni wa kweli. Mkao wa yoga ni picha ya hatua hiyo: mguu mmoja pwani ya huku, mguu mwingine pwani ya kule. (Ni kichekesho kidogo kwamba mkao wenye jina la mruko mkubwa namna ile humwacha mwenye kuufanya pasipo uwezo wa kwenda popote.) Yafaa kuangalia mambo mawili katika kisa hiki. Jambavan hakumsukuma Hanuman. Alimkumbusha lililokuwa lake. Na Hanuman hakuruka ili atazamwe. Aliruka kwa sababu mtu wa ng'ambo alimhitaji.

Jina ni la kale, lakini mkao wenyewe haumo katika vitabu vya kale vitegemewavyo na wenye yoga. Patanjali, ambaye kauli zake zipatazo 195 ndizo msingi wa elimu hii, aliyagusa maungo ya mwili katika kauli tatu tu, na alilolitaka ni kwamba mkao uwe imara na wenye raha. Svatmarama, aliyeandika katika karne ya 15, alieleza mikao 15, na mingi ni ya kukaa. Msamba wa Hanuman haumo. Isitoshe, Patanjali aliipanga elimu yake katika viungo vinane, na mkao ni cha tatu. Cha kwanza ni makatazo, na katazo la awali kabisa ni kutodhuru. Mpango huo una maana. Mtu ajidhuruye ili aupate mkao amebomoa ngazi ya kwanza apate mbao za kujengea ya tatu.

Mkao ulipataje, basi, kutoka katika raha ya Patanjali mpaka katika mpasuo wa Hanuman? Sehemu kubwa ya jibu iko Mysore, kusini mwa India, katika miaka ya 1930. Maharaja wa huko, Krishnaraja Wodeyar wa 4, alimpa mwanachuoni Tirumalai Krishnamacharya mahali pa kufundishia katika jumba la Jaganmohan. Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888 na kuishi mpaka 1989, alikuwa mtu wa elimu nyingi na hasira ya karibu. Wakati ule yoga ilidharauliwa na Wahindi wengi waliosoma, wakaiona kazi ya maskini wa barabarani. Ili kuirudishia heshima, wanafunzi walionyeshwa mbele ya wageni: vijana wembamba wakijikunja na kujikunjua mbele ya mahakimu, matabibu na watawala. Nia yenyewe haikuwa mbaya. Lakini jambo lililokuwa la faragha, lenye mtu mmoja na pumzi yake, lilipata watazamaji, na watazamaji hawawezi kuiona raha ya ndani. Huona umbali wa kisigino kutoka kisiginoni.

Mwaka 1934 alifika Mysore kijana wa miaka 15, shemeji wa mwalimu, jina lake B.K.S. Iyengar. Alizaliwa mwaka 1918 mama yake akiugua homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani, na utotoni mwake akapatwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alikuwa mwembamba, na mwalimu hakumtazamia makuu. Siku moja, mbele ya wageni, Krishnamacharya alimwamuru afanye mkao wa Hanuman. Kijana hakuwa amefundishwa mkao huo. Kumwambia mwalimu kwamba hawezi hakukuwezekana, basi akatafuta udhuru: alisema kaptura aliyoivaa imembana mno, haitamruhusu kupanua miguu. Mwalimu akaagiza mkasi uletwe, nguo ikakatwa pande zote mbili, udhuru ukaisha. Kijana akashuka. Mkao ulionekana kama ulivyotakiwa uonekane, na misuli ya nyuma ya paja lake ikachanika. Iyengar mwenyewe ndiye aliyekisimulia kisa hiki uzeeni, na alisema kupona kulimchukua miaka.

Mtu aweza kukisoma kisa hiki akaishia katika kumlaumu mwalimu, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini lawama pekee haifundishi kitu. Linalostahili kuchunguzwa ni ule udhuru wa nguo. Kijana aliujua ukweli, kwamba mwili wake hauko tayari. Walakini ukweli huo haukuwa na lugha ya kusemewa katika chumba kile. Alilazimika kuuvika uongo mdogo ili upate kutoka kinywani. Panapokuwa mwanafunzi hawezi kusema siwezi ila kwa kusingizia mshoni, hapo mafundisho yamekwisha kuharibika kabla msuli haujaharibika. Mkasi ulikata kitambaa; kilichokatwa hasa ni njia ya mwisho ya kukataa.

Hapa methali ya samaki yapasa irudi na kuhojiwa. Wengi huitaja kana kwamba yampa mlezi ruhusa ya kumkunja kijana vyovyote apendavyo, mradi ni kijana. Lakini samaki wa methali hiyo amekwisha kufa. Ametolewa majini, amepasuliwa, na hukunjwa ili akae vizuri motoni. Hana la kusema juu ya mgongo wake, wala hatauhitaji tena. Mtoto akunjwaye atauhitaji mgongo wake kwa miaka sabini. Ubichi wa samaki ni kukosa ugumu, na ubichi wa kijana ni kukosa ujasiri wa kumkatalia mkubwa. Ni vitu viwili mbalimbali, na mlezi avichanganyaye hudhani kwamba mwili umelegea, kumbe ulimi ndio uliofungwa.

Maumbile ya mwili yanaliunga mkono jambo hili kuliko ilivyodhaniwa zamani. Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu. Huanza katika mfupa wa kukalia, hupita nyuma ya nyonga na nyuma ya goti, na kujishika chini ya goti. Kwa kuwa huvuka viungo viwili, huvutwa mara mbili pale paja liendapo mbele ilhali goti limenyooka, na hivyo ndivyo ulivyo mguu wa mbele wa Hanuman. Ndani yake mna vipokezi vidogo vipimavyo urefu wa msuli na kasi ya kuvutwa kwake. Msuli uvutwapo kwa ghafula, habari hukimbia mpaka uti wa mgongo na amri hurudi kabla akili haijajua: jikaze. Uvutwapo polepole, kwa pumzi iliyotulia, amri hiyo hupungua. Kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba ajinyooshaye kila siku huurefusha msuli wake kama mtu arefushavyo uzi. Uchunguzi wa miongo ya karibuni umeonyesha lingine: katika majuma ya kwanza ya mazoezi, sehemu kubwa ya kinachoongezeka si urefu wa msuli bali ni uvumilivu wa mishipa ya fahamu. Msuli ni ule ule na ugumu wake ni ule ule, ila sasa huachiliwa uende mbele zaidi kabla ya kupiga kelele. Kwa maneno mengine, anyumbukaye amepewa ruhusa na mwili wake. Ruhusa hiyo huombwa kwa kurudia, leo kidogo na kesho kidogo. Mwalimu hawezi kuitoa kwa niaba ya mwili wa mwingine, hata awe na elimu ya Krishnamacharya. Awezalo ni kumtisha mwenye mwili asiusikilize.

Lakini ikiwa unyumbufu ni kuzoea kwa mishipa ya fahamu, basi kuzoea kwaweza kugeuka uziwi. Kengele iliyokuwa ikilia mbali na jabali imesogezwa karibu zaidi na ukingo, na kila mwaka wa mazoezi huisogeza tena. Watafiti wa Sweden walilinganisha wakimbiaji na wachezaji wa dansi waliochanika misuli hiyo ya paja, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Wakimbiaji waliumia katika mbio kali na wakashtuka palepale. Wachezaji waliumia katika kujinyoosha polepole, wengi wao katika msamba, na dalili zao za mwanzo zilikuwa ndogo. Hata hivyo wakimbiaji walirudi katika hali yao ya awali baada ya kiasi cha majuma 16, na wachezaji baada ya kiasi cha majuma 50. Lililoumia kwa wachezaji lilikuwa juu, karibu na mfupa wa kukalia, penye kano, na kano huponea mbali na haraka. Jeraha lililokuja kwa upole ndilo lililokaa.

Faida za njia iendayo katika mkao huu ni za kweli, na haifai kuzibeza. Mtu akaaye kitini kutwa nzima huiacha misuli ya mbele ya nyonga ikunjamane, na mguu wa nyuma wa Hanuman huifungua. Mwenye nyonga nyepesi na paja lisilokakamaa huinama, hupanda na huokota kwa urahisi. Yoga ya kawaida, ile isiyofika katika mikao hii migumu, imepimwa mara nyingi kwa watu wenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi, ikaonekana kuwapa nafuu ya kiasi. Ila mwenye kuyapima mambo haya kwa uangalifu huona jambo moja: karibu faida zote ziko njiani, na karibu hatari zote ziko mwisho wa njia. Shibiri za kwanza za kushuka humpa mtu mwili mwema wa kutembelea na kulimia. Shibiri ya mwisho haimpi mkulima, wala karani, wala mwanafunzi kitu cho chote isipokuwa mkao wenyewe.

Tena si kila mtu aliyeumbiwa shibiri hiyo. Kikombe cha nyonga ni kirefu kwa huyu na kifupi kwa yule. Shingo ya mfupa wa paja huelekea hivi kwa mmoja na vile kwa mwingine. Msuli hubembelezwa, mfupa haubembelezwi. Alazimishaye pale mfupa unapokutana na mfupa huibana gegedu iliyo ukingoni mwa kikombe, na gegedu ikichakaa haina mbadala mwema. Kwa upande wa pili, wako waliozaliwa na viungo vilegevu, ambao hufika chini siku ya kwanza wakapigiwa makofi. Hao ndio wa kuonewa huruma zaidi. Kwao kinachoachia si msuli bali ni kano zifungazo mfupa na mfupa, na kano za namna hiyo zikivutika hazirudi sawasawa. Aliyekakamaa hulindwa na ukakamavu wake. Mlegevu halindwi na kitu ila busara, na ni vigumu kuipata busara mahali penye makofi.

Yuko atakayejibu kwamba maneno haya ni ya woga. Kwamba hapana jambo kubwa lililopatikana bila kuumia. Na kwamba kijana yule mgonjwa wa Mysore, laiti angebembelezwa, angekufa kijijini kwake pasipo kujulikana. Jibu hili lina uzito. Iyengar alipata afya yake katika mafunzo yale yale yaliyomchana paja, na maisha yake yote hakuacha kumheshimu mwalimu wake. Lakini heshima ya aliyeumizwa si hati ya kumsafisha aliyeumiza, na wema uliokuja baada ya kosa haulifanyi kosa kuwa mama wa wema huo. Kilichomponya kijana kilikuwa ni mazoezi ya kila siku, saa kwa saa. Siku ya mkasi haikuongeza kitu katika hayo, ilipunguza.

Yuko pia atakayesema kwamba mtu mzima ni mwenye mwili wake, na akitaka kuuchana ni juu yake. Hili ni gumu zaidi. Mchezaji wa dansi aliyepima, akajua, akachagua, hana wa kumzuia, na huenda hastahili kuzuiwa. Ila mwili wa mtu haukai peke yake duniani. Hubeba watoto, huuguza wazazi, hulima shamba ambalo wengine hula. Ndiyo maana wazee wa sehemu nyingi wameuita amana, na mwenye kushika amana ana hiari nyingi, ila hana hiari ya kuichezea kamari. Tena kuchagua kwenyewe kwataka kuchunguzwa. Wageni wa Mysore walikuwa wachache na walikwenda zao jioni. Watazamaji wa siku hizi hukaa ndani ya simu, hawaendi zao, na picha ya msamba wa Hanuman hupita mbele yao kwa maelfu. Msichana ajipigaye picha chumbani mwake hana mwalimu wa kumwamuru wala mkasi wa kumkatia nguo. Hata hivyo hushuka kuliko mwili wake unavyotaka, na akiulizwa husema amependa mwenyewe. Huenda ni kweli. Kijana wa Mysore naye, machoni pa wageni waliomtazama, alishuka mwenyewe.

Iyengar alihamia Pune mwaka 1937, akafundisha huko mpaka alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Hakuwa malaika. Wanafunzi wake wengi wamesimulia ukali wake, na makofi yalikuwamo. Mtu aliyefundishwa kwa amri hubaki na amri ndani yake. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1966, Light on Yoga, chenye picha karibu 600, alifanya jambo ambalo Mysore haikumfanyia: kila mkao aliupa daraja ya ugumu, kutoka 1 mpaka 60, ili msomaji ajue yuko wapi kabla hajajaribu kwenda kwingine. Mkao wa Hanuman umewekwa juu ya nusu. Na kwa miaka mingi alibuni vyombo vya kumsaidia asiyefika: kamba, mikanda, viti, magodoro na matofali ya mbao.

Katika vyumba vifuatavyo mafundisho yake, kutoka Pune mpaka London, ajifunzaye mkao wa Hanuman huwekewa tofali chini ya kila kiganja na mto mnene chini ya paja. Hushuka mpaka mto, akakaa hapo akivuta pumzi, akabadili mguu. Baada ya miezi au miaka mto hubadilishwa ukawekwa mwembamba zaidi. Wako ambao mto wao haukuondolewa maisha yao yote, wakaendelea kuja kila juma, nyonga zikiwa shibiri moja juu ya sakafu.